Msimzike kijana wenu kabla damu yake haijapimwa

Mwezi wa sita nilikwenda Mtinko, kaskazini mwa mji wa Singida, kuhani msiba wa ndugu. Siku ya tatu nikiwa nyuma ya nyumba na wanawake wenzangu tunaosha sufuria, alinijia mama mmoja mtu mzima. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kimya kwa muda. Kisha akaniuliza: "Mwanangu, nimeambiwa wewe ni daktari. Mtoto wangu alikufa na nini?"

Mtoto mwenyewe alikuwa kijana wa miaka 26. Sitamtaja jina wala kitongoji chake. Alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akawa anabeba mizigo sokoni, na huko akaingia kwenye unga. Baba yake mdogo alihangaika naye, akampeleka kwenye nyumba ya upataji nafuu, zile ambazo wengi mnaziita soba hausi, akakaa miezi 4. Alirudi Mtinko amenenepa. Akalima na mama yake, akavuna alizeti, akaanza hata kuulizia habari za mchumba. Siku moja ya mnada aliondoka na wenzake, akarudi usiku kwa bodaboda, akasema amechoka, akalala. Mama alimsikia anakoroma kwa nguvu, koromo ambalo hakuwahi kulisikia kwake. Alifurahi kwamba mtoto amepata usingizi mzito. Asubuhi alimkuta wa baridi, na povu jepesi puani.

Kesho yake saa 4 asubuhi alikuwa ameshazikwa. Hakuna aliyechukua damu, mkojo wala kitu kingine chochote. Hata arobaini haijafika, kijiji kilikuwa na jibu lake: amelishwa sumu na jirani waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Jirani huyo hadi leo hapiti mbele ya nyumba ile, na watoto wake wanazunguka njia ya mbali kwenda kuchota maji.

Nilimwambia mama yule ninachokishuku. Nilishindwa kumwambia ninachokijua, kwa sababu sikijui, na yule ambaye angeweza kukijua hakupewa nafasi.

Huyo ni mkemia. Watanzania wengi tunaijua Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa mambo mawili: vipimo vya vinasaba watu wanapobishania baba wa mtoto, na kesi za dawa za kulevya ambako mtaalamu wake anasimama mahakamani kusema unga uliokamatwa ni heroini kweli au ni unga wa kitu kingine. Ni maabara kongwe. Mizizi yake ni ya mwaka 1895, enzi za Wajerumani. Leo makao yake makuu yako Dodoma na ina ofisi za kanda, ya Kanda ya Kati ikiwa hapo hapo Dodoma, ambayo ndiyo jirani ya watu wa Singida. Lakini ina kazi nyingine isiyozungumzwa sana mitaani. Hupokea damu, mkojo, vipande vya ini na vilivyokutwa tumboni mwa marehemu, na kutafuta kama kuna kemikali iliyomuua.

Naomba nikueleze kazi hiyo inavyofanyika, maana ukiielewa utajua kwa nini saa chache za kwanza baada ya kifo zina thamani kubwa kuliko miezi 6 ya kusubiri majibu.

Heroini ikiingia kwenye damu haikai kama ilivyo. Ndani ya dakika chache tu mwili unaibadilisha kuwa kemikali nyingine ambayo wataalamu huiita kwa kifupi 6-MAM, na hiyo nayo baada ya nusu saa hivi imeshageuka kwa sehemu kubwa kuwa mofini. Kwa hiyo mkemia hatafuti heroini yenyewe. Mara nyingi haimo tena. Anatafuta 6-MAM, kwa sababu hakuna dawa nyingine ya hospitali wala ya duka la dawa inayoiacha mwilini. Akiiona, amejua kwamba marehemu alitumia heroini, na pengine muda si mrefu kabla ya kufa. Akiona mofini peke yake, hapo hana budi kusita. Mofini inaweza kuwa imetokana na heroini iliyotumika saa nyingi nyuma. Inaweza kuwa ni ile mofini ya maji wanayopewa wagonjwa wa saratani kutuliza maumivu. Inaweza hata kuwa imetokana na kodeini, dawa iliyomo katika baadhi ya vidonge vya maumivu na dawa za kikohozi, kwa sababu ini letu hugeuza sehemu ya kodeini kuwa mofini.

Hapo ndipo utaona umuhimu wa kuchukua zaidi ya damu. 6-MAM hupotea haraka kwenye damu, lakini hudumu zaidi kwenye mkojo, na hudumu vizuri kwenye yale maji yaliyo ndani ya jicho. Najua mtu akisikia jicho la marehemu linachomwa sindano anashtuka. Ni sindano nyembamba, na anayeijua kazi yake anaacha jicho likiwa kama lilivyokuwa.

Damu nayo haichotwi popote. Moyo ukishasimama, dawa zilizokuwa zimejikusanya kwenye ini, mapafu na tumbo huanza kuvuja taratibu kwenda kwenye damu iliyo karibu, hasa ile ya moyoni. Ukichota damu ya moyoni siku ya pili unaweza kupata kiwango kikubwa kuliko kilichokuwepo mtu alipokuwa hai, ukasema amezidisha dawa kumbe hakuzidisha. Ndiyo maana daktari anayejua huchota kwenye mshipa mkubwa wa paja, mbali na huko. Huiweka kwenye kichupa chenye kemikali ya kuzuia isioze, huifunga kwa lakiri, huiandika, na kila mkono unaoipokea unatia saini, kuanzia daktari, askari anayesafiri nayo, hadi mpokeaji wa maabara. Saini moja ikikosekana, wakili wa upande wa pili atauliza mahakamani: tutajuaje kama damu hii ni ya marehemu?

Kuna jambo moja linalowahusu sana watu wa bara, na nalisema kwa msisitizo. Kijana akifia Dar es Salaam au Mwanza na mwili ukatakiwa kusafirishwa hadi Singida, mwili hupigwa fomalini ili usiharibike njiani. Sindano ile ya fomalini huichanganya na kuibadilisha damu, na baadhi ya ushahidi ambao mkemia angeutafuta hufa hapo hapo. Baada ya hapo familia inafika nyumbani, maneno yanaanza, watu wanataka uchunguzi. Umeshachelewa. Kama mna shaka yoyote juu ya kifo, sampuli zichukuliwe kabla ya dawa ya kuhifadhia. Mwambieni mhudumu wa mochwari neno hilo kabla hamjalipia jeneza.

Sasa turudi kwa kijana wa Mtinko na lile koromo.

Heroini, mofini, methadoni, tramadoli na ndugu zao wote wa jamii ya afyuni huua kwa njia moja: huzima taratibu ile sehemu ya ubongo inayotuamrisha kupumua. Mtu anasinzia, pumzi zinapungua, zinakuwa 8 kwa dakika, 6, 4. Koo linalegea na hewa inapita kwa shida, ndiyo lile koromo zito lenye mkatikomkatiko. Midomo na kucha hubadilika rangi. Kwa ngozi zetu nyeusi tazama ndani ya midomo na kwenye fizi, utaona weusi wa kijivu. Mapafu hujaa maji, na baadaye povu hutokea puani. Kazi yote hii inaweza kuchukua saa 1 au saa kadhaa, na kwa methadoni hata zaidi. Maana yake, mama aliyemsikia mtoto wake anakoroma alikuwa bado na muda. Sikumwambia hivyo yule mama. Nakwambia wewe, ambaye bado una mtoto.

Mtu aliyezoea unga kwa miaka anaweza kubeba kiasi ambacho kingewaua watu wawili wasioujua. Mwili wake umezoea. Lakini mazoea hayo huondoka haraka kuliko hamu. Akikaa gerezani, hospitalini au kwenye nyumba ya upataji nafuu wiki chache tu, mwili unarudi kuwa kama wa mgeni, wakati kichwa bado kinakumbuka kipimo cha zamani. Siku akiteleza anachukua kete ile ile aliyoiacha, na kete hiyo inamuua. Wengi hufa namna hii wakiwa wametoka tu mahali pa kupona, familia imeshaanza kushukuru Mungu. Pombe au vidonge vya usingizi vikiongezwa juu yake, hatari inakuwa kubwa zaidi, na siku ya mnada pombe haikosekani.

Kwa sababu hiyo hiyo, mkemia peke yake hawezi kukuambia kila kitu. Namba iliyo kwenye karatasi ya maabara haina maana bila historia ya mtu. Kiwango kile kile cha mofini kinaweza kukutwa kwa mtu aliye hai anayetembea mjini, na kwa maiti. Anayepaswa kuijaza historia ni familia: alikuwa anatumia nini, aliacha lini, alirudi lini, alikuwa na ugonjwa gani, alikunywa vidonge gani. Familia zetu hukaa kimya hapo. Baba anamwambia daktari kwamba kijana alikuwa mzima kabisa, hajawahi hata kuvuta sigara, huku alama za sindano zimejaa mkononi. Nawaelewa. Mimi mwenyewe niliwahi kuwasaidia kukaa kimya.

Nilikuwa daktari mchanga katika hospitali moja ya Dar es Salaam ambayo siitaji. Aliletwa kijana ameshafariki, mifupa na ngozi, sindano imekutwa pembeni yake. Baba yake alikuwa mtu anayeheshimika msikitini. Alinishika mkono akaniomba nisimwaibishe. Nikaandika kwamba chanzo cha kifo ni moyo kusimama. Hayo si maelezo ya chanzo cha kifo chochote; kila anayekufa moyo wake husimama, hata aliyegongwa na lori. Nilidhani nimetenda wema. Siku chache baadaye zikaletwa maiti nyingine mbili, vijana wa mtaa ule ule. Inawezekana walinunua kwa muuzaji mmoja unga ambao haukuwa kama wa siku zote. Inawezekana hapana. Kama ningeiandika ile ya kwanza ilivyo na kuomba vipimo, pengine mtu angewaonya waliobaki. Sijawahi kujua, na sijaacha kuliwazia.

Msimamo wangu, basi, ni huu: kila kijana anayekufa ghafla, na kila mtu ambaye kuna hata tetesi kwamba anatumia dawa za kulevya, asizikwe kabla sampuli hazijachukuliwa. Isiwe mpaka polisi washuku mauaji. Sheria yetu ya uchunguzi wa vifo, ya mwaka 1980, inataka kifo cha ghafla kisichojulikana sababu kitolewe taarifa. Vijijini tunaigeuza iwe hiari ya wazee wa ukoo.

Najua majibu mtakayonipa. La kwanza ni dini na heshima ya maiti. Ndugu zangu Waislamu, ambao Singida ni wengi, wanataka kuzika upesi, na Wakristo wengi pia hawataki mwili upasuliwe. Lakini kuchota damu kwenye paja, mkojo na maji ya jicho ni kazi ya sindano na ya muda mfupi, inaweza kufanyika kabla ya kuoshwa, na mazishi yakaendelea siku ile ile. Sitakudanganya kwamba hilo linatosha kila mara. Uchunguzi kamili wa mwili ndio unaoweza kusema hakuwa na damu iliyovujia kichwani au ugonjwa wa moyo. Lakini kati ya kupata sindano tatu na kutopata kitu, sindano tatu zina faida.

La pili ni aibu. Hapa nakuomba ufikirie upya nani anaaibika. Nitakusimulia kisa cha Uingereza ambacho kila daktari anapaswa kukijua. Mwezi Juni 1998, katika mji wa Hyde, alifariki bibi wa miaka 81 aitwaye Kathleen Grundy, aliyewahi kushika nafasi ya heshima katika mji wake. Daktari wake, Harold Shipman, alisema ni uzee. Akazikwa. Binti yake, ambaye ni mwanasheria, alishtuka alipoona wosia wa ajabu unaomwachia daktari mali. Polisi wakafukua kaburi tarehe 1 Agosti, na kwenye nyama ya paja na ini la bibi yule maabara ikakuta mofini. Unajua daktari alijitetea vipi? Alisema bibi alikuwa mraibu, na kwenye kumbukumbu zake za matibabu kweli kulikuwa na maandishi ya kumshuku hivyo. Kompyuta ndiyo iliyomwumbua, maana ilionyesha maandishi hayo yaliingizwa baada ya bibi kufariki. Januari 2000 Shipman alitiwa hatiani kwa kuwaua wagonjwa 15, na tume iliyoongozwa na Jaji Janet Smith ikaja kuhesabu 215.

Nimekisimulia kisa hicho kwa sababu ya lile neno mraibu. Muuaji alijua kwamba ukishamwita mtu mraibu, watu wanaacha kuuliza. Hapa kwetu neno teja lina nguvu hiyo hiyo. Teja akifa, polisi, daktari na jirani wote wanaona jibu limeshapatikana. Huenda alipigwa. Huenda alikuwa na homa ya uti wa mgongo, au moyo wake uliliwa na maambukizi yaliyoingia kwa sindano chafu, jambo ambalo linatibika likiwahiwa. Vipimo vinavyomkuta na mofini vinamsema ukweli, na vinavyomkuta hana kitu navyo vinamsema ukweli.

Na jirani wa Mtinko? Yeye ndiye aliye hai. Anabeba mzigo wa mauaji ambayo inawezekana kabisa hakuyatenda, na katika nchi yetu tunajua tuhuma za namna hiyo, za sumu na uchawi, huishia wapi. Damu kidogo ingemtetea. Au ingemtia hatiani, sawa pia.

La tatu ni gharama na umbali, na hapo nawapa haki. Kutoka mji wa Singida hadi Dodoma ni kilomita 240 hivi, na Mtinko iko mbele zaidi. Sampuli inataka ubaridi, kichupa chenye dawa sahihi, askari wa kusafiri nayo na nauli yake. Nimeona sampuli zikikaa kwenye jokofu la chanjo zikisubiri gari. Nimeona familia zikiuliza majibu hadi zikachoka, na majibu yalipofika yakaenda kwenye faili la polisi, mama wa marehemu asisomewe hata mstari mmoja. Hili si la mzazi kulibeba. Kila hospitali ya wilaya ingepaswa kuwa na boksi lililoandaliwa, lenye vichupa, lakiri na fomu, na bajeti ya kulisafirisha. Na majibu yangepaswa kufika kwa familia kwa mdomo wa daktari, kwa Kiswahili, ndani ya muda unaojulikana. Tukiwaomba watu watoe damu ya marehemu wao halafu tukakaa kimya, tusiwalaumu wakitugomea mara ya pili.

Faida ya vipimo hivi haiishii kaburini. Mwezi Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa. Iringa, msomaji, si Bandari. Mzigo unafuata barabara kuu, na Singida yetu imekaa kwenye njia panda: malori ya kwenda Mwanza na mpakani yanapita, na ya Arusha kupitia Babati yanapita. Yule anayedhani unga ni shida ya watu wa Pwani na Zanzibar anasoma habari za miaka 20 iliyopita.

Na kinachouzwa kinabadilika. Marekani, mwaka 2021 hadi 2023, watu zaidi ya 100,000 walikufa kila mwaka kwa kuzidisha dawa, wengi wao kwa fentanili, ambayo kiasi cha chembe tu kinaua. Walijua ni fentanili kwa sababu walipima maiti. Sierra Leone kuna kitu kinachoitwa kush. Watu walisema kimechanganywa na kila kitu, hata mifupa ya binadamu, na Aprili 2024 Rais Julius Maada Bio akatangaza hali ya hatari. Maabara zilipokuja kupima kush yenyewe, ripoti ya 2025 ikaeleza kwamba baadhi ilikuwa na nitazini, afyuni za kutengenezwa kiwandani zenye nguvu ya kutisha. Ni jambo la kuwaza, maana kile kipimo chepesi cha mkojo cha kutafuta afyuni kimetengenezwa kutambua mofini. Fentanili, nitazini, methadoni na hata tramadoli zinaweza kupita bila kuonekana. Daktari akikuambia kipimo ni hasi, muulize kimepima nini. Mashine kubwa za mkemia, zinazotenganisha kemikali moja moja na kuzipima uzito, ndizo zinazoweza kuvikamata, lakini nazo zinapaswa kuambiwa zitafute nini.

Wazazi wa watoto wadogo, niwape aya moja. Dawa ya kikohozi yenye kodeini na vidonge vya tramadoli si vya mtoto. Marekani ilionya mwaka 2017 kwamba zisitumike kwa walio chini ya miaka 12, kwa sababu kuna watu ambao ini lao huigeuza kodeini kuwa mofini kwa kasi mno, na pumzi za mtoto huzimika kwa dozi iliyoandikwa kwenye chupa. Kwa Waethiopia, majirani zetu, utafiti ulikuta karibu watu 3 kati ya 10 wana maumbile hayo. Na kama nyumbani kuna mgonjwa anayetumia mofini ya maji, endeleeni kumpa, maumivu ya saratani hayana ushujaa. Ila chupa ifungiwe mahali mtoto hafiki. Akija kufariki kwa ugonjwa wake na mofini ikakutwa kwenye damu, hiyo ni dawa yake, mtu asimnyooshee kidole mkwe.

Sasa ukimkuta mtu wako amelala, ukamwita na kumfinya haamki, anakoroma au pumzi zimekuwa chache, usimwagie maji na usimpe maziwa. Najua maziwa ndiyo dawa ya kila sumu kwetu. Mtu aliyezimia hamezi. Maziwa yataingia mapafuni na kummalizia. Mlaze ubavu, kichwa kiinamie nyuma kidogo ili koo lifunguke. Pumzi zikikatika, mlaze chali, bana pua, mpulizie hewa mdomoni polepole, moja kila sekunde 5, na mtu mwingine atafute usafiri wakati wewe unaendelea. Ipo dawa inayoitwa naloksoni inayoweza kumrudisha mtu kwa dakika chache. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri hata ndugu wa watumiaji wapewe na kufundishwa. Mimi katika zahanati za vijijini nilizopita sijaikuta. Hilo nalo ningependa Wizara ilijibu. Akirudiwa na fahamu bado apelekwe hospitali, kwa sababu naloksoni huisha nguvu kabla ya afyuni, na anaweza kuzimika tena njiani.

Kama umemkuta ameshafariki, usisafishe chumba. Sindano, karatasi ya kete, kijiko, vifungashio vya vidonge, viache palipo, funga mlango, mwite mwenyekiti wa kitongoji na polisi. Daktari akifika mwambie kila kitu. Na aliye hai na anataka kuacha asiachwe aache peke yake ndani ya chumba akiugulia arosto; matibabu ya methadoni yalianza Muhimbili Februari 2011, leo yapo pia mikoani, Dodoma ikiwemo, na hutolewa bure.

Mama wa Mtinko, kabla hatujaagana, alifungua pindo la kanga yake. Ndani kulikuwa na kipande cha nailoni kilichokunjwa, kina unga kidogo wa rangi ya maziwa ya chai. Alikikuta kwenye koti la marehemu. Akaniomba nikipeleke kwa Mkemia. Nilimweleza kwamba siwezi. Nikikamatwa nacho njiani ni kosa langu, na hata kikifika, hakuna atakayeweza kuthibitisha kilitoka kwenye koti lile. Njia ni polisi, na bado mahakama ina uwezo wa kuamuru kaburi lifukuliwe. Wale wa Hyde walifukua baada ya mwezi mzima na mofini ilikuwepo.

Akafikiri. Akasema polisi watawakamata wale vijana alioondoka nao siku ya mnada, na mmoja wao ni mtoto wa dada yake. Na kaburi hataki liguswe. Nikamwuliza kuhusu jirani. Hakunijibu. Alifunga tena pindo la kanga, akaniambia wananisubiri kwenye sufuria.